Ford 8N yangu kutoka volti 6 hadi 12: seti niliyoifunga mwenyewe

Trekta langu ni Ford 8N la mwaka 1951, karibu na mwisho wa toleo hilo, maana lilikoma 1952. Lilitoka kiwandani na betri ya volti 6, dainamo ya kuichaji, na upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Asubuhi za baridi stata ilizunguka kivivu, na taa nilizotaka kuongeza zilikuwa za volti 12. Nikanunua seti ya kubadilishia: alternata (kichaji kinachochukua nafasi ya dainamo), kishikio chake, puli, koili mpya ya kuzalisha cheche za plagi, na waya chache.

Upande wa vyuma sina neno. Matundu ya kishikio yalilingana na ya dainamo, beliti ikanyooka, jioni ileile nikawasha. Kwa nguvu ambayo stata ilizunguka nayo, nilicheka peke yangu.

Halafu nikageuza swichi nizime, injini ikaendelea kunguruma. Waya mwembamba unaoiamsha alternata ulikuwa ukirudisha umeme kwenye koili. Ilibidi niingize gia, nikanyage breki na kuachia klachi taratibu mpaka ikazimika. Dawa yake ni dayodi moja kwenye waya huo, kifaa kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Hata balbu ya onyo hutosha, kwa sababu inaubana umeme usiweze kuendesha koili. Kitu kidogo namna hiyo kilipaswa kuwamo kwenye boksi, na karatasi ya maelekezo haikukitaja kabisa. Kwa hilo nimepunguza nyota moja.

Karatasi hiyo ilisema pia betri igeuzwe, hasi iende kwenye bodi, ikanyamaza kuhusu ampita, ile saa ya dashibodi inayoonyesha kama betri inachajiwa au inanyonywa. Sindano ikawa inaonyesha betri inanyonywa wakati mita yangu inasoma volti 14.2. Nikabadilishana waya mbili za nyuma yake, ikakaa sawa.

Koili ya zamani usiibakize hivihivi. Yangu ilipima ukinzani wa omu 1.5: kwa volti 6 ni ampia 4, lakini kwa volti 12 zinakuwa 8, na pointi, yaani swichi ndogo inayokata na kuunga umeme wa koili, zitaungua. Koili ya kwenye seti inapima omu 3, kwa hiyo tumerudi kwenye ampia 4 bila rizista ya nje. Balbu zote za zamani nazo lazima zibadilishwe. Stata nimeiacha ya asili. Inavumilia, ila meno yake sasa yanagonga kwa nguvu zaidi, hivyo naibonyeza kidogo kidogo, siishikilii kwa muda mrefu.

Lililoniuma nililigundua wakati wa kufungua. Kebo za betri nilizozikuta zilikuwa nyembamba, za kutosha volti 12, na pale ethi, ile kebo ya betri inayoenda kwenye bodi, inapofungwa palijaa kutu na rangi. Kazi ileile kwa volti 6 inataka ampia mara mbili, kwa hiyo kebo lazima ziwe nene na chuma kiwe kitupu. Huenda ule uvivu wa stata ungeisha kwa kebo mpya na brashi ya waya. Kama huna haja ya taa za kisasa, jaribu hilo kabla hujatoa fedha.

Nyota nne. Dainamo nimeisafisha, nikaipaka mafuta na kuifunga kwenye kitambaa pamoja na bolti zake zote, ipo rafuni. Atakayelirithi trekta hili akitaka kulirudisha kwenye volti 6, ataikuta.