Bunduki ya Bolti ya Kuwindia: Nunua Ipi Kwanza, Ipi Baadaye

Ukiweka mezani bunduki sita za bolti (kile chuma unachokivuta na kukisukuma kwa mkono kuingiza na kutoa risasi) zinazotengenezwa siku hizi, kila moja ikiwa na darubini nzuri na risasi inayoelewana nayo, karibu zote zitaweka risasi tatu ndani ya sentimita 3 au 4 kwenye shabaha iliyo mita 100. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ina upana wa sentimita 20 hivi. Piga hesabu mwenyewe: hata kwa mita 200, bunduki ya mwisho kwenye orodha yangu bado ina nafasi ya kutosha. Anayekosa ni mtu. Hukosa kwa sababu kitako hakikumkaa begani, kifyatulio kilikuwa kizito akakinyofoa badala ya kukibonyeza, au teke la bunduki lilimtia hofu akafumba macho kabla ya mlio.

Ndiyo maana sikuzipanga kwa karatasi za shabaha. Nimezipanga kwa swali moja: mambo yakiharibika, risasi ya pili itaingia bila wewe kuifikiria?

Swali hilo nalidai kwa sababu liliwahi kunishinda. Nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya tuta, nguruwe pori wanavuka uwazi. Wa kwanza nilimpiga nyuma kidogo ya pale nilipolenga. Nikavuta bolti, nikasukuma risasi ya pili ndani, kisha yule nguruwe akayumba nikadhani ameanguka. Nikasita. Aliposimama tena nilivuta bolti nyuma kwa papara kabla sijaifunga, nikaisukuma mbele. Risasi ya pili ilikuwa imebaki ndani ya chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, bolti ikazoa ya tatu, na ncha ya risasi ya tatu ikagonga tako la ya pili. Kila kitu kikakwama. Nilitoa magazini, kile kikasha cha risasi, nikachokonoa kwa vidole vinavyotetemeka, na mnyama aliyejeruhiwa akaingia kichakani. Tulimfuata hadi jua linazama ndipo tukammaliza. Sijawahi kuyasahau yale masaa.

Kilichonipata kina maelezo, na ukiyaelewa utanunua kwa macho mengine. Bolti ziko za aina mbili. Ya kwanza husukuma risasi tu: inaitoa kwenye magazini na kuitanguliza mbele, na kile kidude cha kuvuta ganda huiuma risasi pale tu unapoifunga bolti hadi mwisho. Ukighairi katikati, risasi inabaki chemba, kama ilivyobaki kwangu. Ya pili huishika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, kwa kucha ndefu ya chuma iliyo ubavuni mwa bolti. Ukiivuta nyuma wakati wowote, risasi inarudi nayo. Muundo huu wa kucha ulitia fora kwenye Mauser, bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1898, na bunduki nyingi za wanyama hatari hadi leo zinaufuata. Bolti inayosukuma ni rahisi zaidi kutengeneza, nayo si mbovu hata kidogo. Inataka mkono uliozoea kumaliza kazi kila mara. Nami sikuwa nao.

Sasa orodha.

Nafasi ya kwanza naipa Tikka T3x, na najua wapenzi wa kucha ya Mauser watanikasirikia, maana bolti yake ni ya kusukuma. Inatengenezwa na Sako huko Ufini. T3 ilitoka mwaka 2003 na T3x ikafuata mwaka 2016. Ukiinua mkono wa bolti, unapanda nyuzi 70 tu badala ya 90 zilizozoeleka, kwa hiyo vidole havigongi darubini. Halafu inateleza. Elekeza mdomo wa bunduki tupu juu, inua mkono wa bolti, uone bolti inavyotaka kurudi nyuma yenyewe. Kifyatulio unaweza kukirekebisha kati ya kilo 1 na 2, na kinakatika safi bila kujikokota. Toleo la Lite lina uzito usiofika kilo 3 bila darubini, kwa hiyo linakubali kubebwa kutwa nzima. Dosari zake? Magazini ni ya plastiki na hubeba risasi chache. Ukiipoteza porini umebaki na bunduki ya risasi moja moja, hivyo nunua ya pili siku hiyo hiyo. Na kwa wepesi huo, usiichukue kwa risasi za magnum, zile zenye nguvu na teke kubwa, kama bega lako halijazoea. Hata hivyo, kwa mtu anayenunua bunduki moja ya kuwindia kulungu, swala na nguruwe, sijashika nyingine ninayoiamini haraka hivi. Bolti laini ndiyo inayomfanya mtu aimalize safari ya bolti bila kufikiri, na hilo lingeniokoa siku ile.

Ya pili ni Winchester Model 70. Kama unawinda wanyama wanaoweza kukugeukia, ipande iwe ya kwanza. Ilianza mwaka 1936 ikiwa na ile kucha ndefu. Mwaka 1964 kiwanda kikabadili muundo kupunguza gharama, wawindaji wakalalamika kwa miaka, na hatimaye kucha ikarudishwa. Ndiyo maana ukikuta iliyotumika, swali la kwanza ni imetengenezwa lini. Fungua bolti uangalie ubavuni mwenyewe, usitegemee maneno. Ninachokipenda zaidi ya kucha ni kizuizi chake cha usalama chenye hatua tatu. Mbele, bunduki iko tayari. Nyuma kabisa, kifyatulio na bolti vyote vimefungwa. Katikati, bunduki haiwezi kulia lakini bolti inafunguka, kwa hiyo unaondoa risasi jioni ukiwa umechoka, huku bunduki bado imefungwa. Wapo wanaoumizwa na bunduki zao wenyewe wakati wa kuitia au kuitoa risasi. Kwangu, hatua ile ya katikati ina thamani kuliko sentimita moja ya ulengaji. Inakuwa ya pili kwa sababu ni nzito kidogo, na matoleo yenye magazini isiyochomoka yanakulazimu kuingiza risasi moja moja kutoka juu, chini ya darubini, kwa vidole vya baridi.

Howa 1500 ya Japani inashika nafasi ya tatu bila kelele. Ndiyo mwili ulio ndani ya Weatherby Vanguard, kwa hiyo huenda umeshaishika bila kujua. Ni nzito, imara, ina kizuizi cha hatua tatu na kifyatulio cha hatua mbili: unavuta hadi unapohisi ukuta, unapumua, kisha unakibonyeza. Wanaoanza hujifunza vizuri kwa kifyatulio cha namna hiyo. Anayepanda milima aitazame mara mbili kabla ya kulipa, kwa sababu ya uzito. Anayekaa kichakani kusubiri atafurahi, maana uzito unameza teke.

Ya nne ni Savage 110, iliyoko sokoni tangu mwaka 1958. Nakiri bolti yake si laini; ukitoka kwenye Tikka utahisi kama unasukuma droo yenye mchanga. Imeingia hapa juu kwa mambo mawili. Kifyatulio chake, AccuTrigger, kina ulimi mwembamba katikati: usipoubonyeza ulimi huo, bunduki hailii, kwa hiyo kinaweza kuwa chepesi na bado kikawa salama. Pia, matoleo yenye kitako cha AccuFit yanakuruhusu kurefusha kitako na kuinua mahali pa kuegemeza shavu kwa kuongeza vipande. Mwanamke mfupi, kijana, au mtu mrefu sana, wote ambao viwanda kwa miaka vimewasahau, waanzie hapa. Na wanaotumia mkono wa kushoto pia, Savage haikuwasahau.

Ruger American, ya mwaka 2012, ni ya tano na ndiyo nafuu ya kweli katika kundi hili. Ina mtutu uliofuliwa kwa nyundo, meno matatu ya kufungia bolti, na mkono wa bolti unaopanda nyuzi 70. Inapiga vizuri kuliko sura yake. Tatizo ni kitako cha kizazi cha kwanza: plastiki nyepesi inayopinda. Ukiiegemeza kwenye mti kwa nguvu, kitako kinaweza kugusa mtutu na risasi ikahama. Kizazi cha pili kimeimarishwa hapo. Kama pesa inatosha Ruger na darubini nzuri, au Tikka na darubini mbovu, chukua Ruger na usijute.

Remington 700 naiweka ya sita, na si kwa kuidharau. Tangu mwaka 1962 imekuwa kipimo cha wengine; vitako na vifyatulio vya kubadilisha vinatengenezwa kwa vipimo vyake, na Bergara B-14 ya Hispania imejengwa ikubali vingi vya vitu hivyo. Kama unapenda kuijenga bunduki polepole, huwezi kukosea hapa. Lakini mwaka 2014 kampuni iliita virudishwe vifyatulio vya X-Mark Pro vilivyotengenezwa kuanzia 2006, kwa kuwa bunduki ingeweza kulia bila kuguswa kifyatulio. Ukinunua iliyotumika ya miaka hiyo, dai uthibitisho kwamba kifyatulio kilibadilishwa. Kama hakuna, iache.

Nje ya orodha nataja mbili. Blaser R8 ya Ujerumani haihitaji kuinua mkono kabisa: unavuta moja kwa moja na kusukuma, na mitutu inabadilishwa. Ni kazi ya ajabu, na bei yake ni ya ajabu vilevile. Nyingine ni CZ 550 ya Ucheki, ambayo haitengenezwi tena. Ina kucha ya Mauser na mwili mkubwa wa kutosha risasi ndefu kama.416 Rigby. Anayemfuata nyati akiikuta iliyotunzwa, asiondoke haraka.

Kuhusu risasi sitakawia, kwa sababu watu hubishana hapa kuliko inavyostahili. .308 Winchester inapatikana karibu kila mahali na inatosha wanyama wengi; .30-06, ya mwaka 1906, inakuongezea nguvu kidogo na teke kidogo. 6.5 Creedmoor ina teke dogo kuliko hizo mbili na haisukumwi sana na upepo, ndiyo sababu naipendekeza kwa anayeanza. .243 ni laini zaidi, ila inataka mpigaji anayejua pa kuweka risasi na mnyama asiye mkubwa. Kwa nyati anzia .375 H&H; katika nchi kadhaa hicho ndicho kiwango cha chini kisheria, kwa hiyo soma masharti ya kibali chako kabla ya kuchagua bunduki. Na uliza kwanza risasi gani haziishi pale unaponunulia. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo.

Ukifika mbele ya muuzaji, mwombe ruhusa, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba na magazini ni tupu, kisha fanya hivi. Chagua alama ukutani mahali salama. Fumba macho, weka bunduki begani, laza shavu, fungua macho. Ukiona duara kamili la darubini bila kunyoosha wala kukunja shingo, kitako ni chako. Ukiona kivuli cheusi pembeni, si chako, hata kama ni Tikka. Jicho liwe umbali wa sentimita 8 au 9 kutoka kwenye kioo. Nina kovu dogo juu ya nyusi kwa sababu nililala chini na.375 na kusogea mbele sentimita mbili bila kutambua.

Kisha omba risasi bandia za kutosha kujaza magazini. Zitie zote, zipitishe polepole mara moja na haraka mara mbili, bila kuishusha bunduki kutoka begani. Ikikwama hapo dukani, kwenye mwanga na utulivu, itakwama porini. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako kutoka mdomoni hadi karibu na mwili wa bunduki. Kikipita bila kukwaruza, mtutu uko huru. Kwa iliyotumika, ongeza mambo mawili. Toa bolti, mulika tochi, tazama ndani ya mtutu kutokea nyuma: mifereji iwe na kona kali, isiwe na madoa ya kutu, na zaidi ya yote itazame ile sehemu iliyo mbele tu ya chemba, maana moto wa baruti huanza kula hapo. Halafu kagua ukingo wa mdomo wa mtutu. Mkwaruzo mdogo pale, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, hutosha kuitupa risasi pembeni. Fundi anaweza kuukata na kuunyoosha, kwa hiyo usikatae bunduki nzuri kwa sababu hiyo; punguza bei.

Ukishainunua, nunua pakiti za aina tatu tofauti za risasi kabla hujaamua inapenda ipi. Piga tatu tatu kwa kila aina, acha mtutu upoe kati ya kundi na kundi, na uchague ile inayokusanya vizuri. Kisha weka darubini kando, ingiza risasi bandia, na kila jioni kwa wiki mbili inua, vuta, sukuma, funga, mara 20. Mimi nilianza zoezi hilo baada ya nguruwe yule, na sijaliacha.