Dar es Salaam kwa familia inayotoka Dodoma: joto, nyumba na hesabu zake

Barua ya uhamisho ikishatoka, kinachojadiliwa kwanza nyumbani Dodoma, iwe mtaa wa Kisasa au Nkuhungu, ni kama watoto wataliweza joto la Dar. Wataliweza, ila si katika kila nyumba. Tukiipima Dar kama mahali pa kulea familia inayotoka Kanda ya Kati, tunaipa alama tatu kati ya tano, na hizo mbili zilizopungua zimepotelea chumbani usiku na barabarani asubuhi.

Usitazame nyuzijoto peke yake. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Novemba mchana joto hufika nyuzi 31, lakini hewa ni kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, na jua likizama hali inashuka hadi nyuzi 18 au 19. Dar mwezi wa Februari mchana ni 32 au 33, tofauti ndogo mno ya kumkimbiza mtu. Kazi inaanza usiku, maana joto linagoma kushuka chini ya 25 na hewa imejaa unyevu wa bahari, hivyo jasho halina pa kwenda. Hilo ndilo fukuto. Mtoto analala saa tatu, anaamka saa saba usiku shingo imelowa, na asubuhi mwalimu anaona anasinzia.

Fukuto halikai mwaka mzima. Kipindi cha upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ndicho kibaya. Masika inaingia Machi na kuisha Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo wa kusi unavuma, usiku hushuka hadi nyuzi 19 au 20, na Dar inakuwa mji wa kupendeza kabisa. Hapo ndipo familia nyingi hunaswa: wanakuja kutafuta nyumba Julai wakati wa likizo, wanalala vizuri siku mbili gesti, wanalipa kodi ya miezi sita. Januari inawakuta ndani ya tanuri. Kagua nyumba Februari, hamia Juni. Ukishindwa kwenda Februari, basi pima nyumba yenyewe kwa makini zaidi, kwa sababu Julai hata banda la kuku lina upepo.

Kupima kunahitaji kwenda mara mbili, saa nane mchana na tena saa tatu usiku. Mchana ingia chumba cha kulala, fungua madirisha yote, zima feni, kaa dakika kumi. Pazia lisipotikisika, chumba hicho hakina upepo wa kupita. Sababu mara nyingi ni dirisha kuwa upande mmoja tu, au kuwa pande mbili lakini ukuta wa jirani umesogea hadi mita moja. Usiku weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi, kwa ndani. Matofali ya saruji yaliyopigwa na jua tangu saa saba mchana yanaendelea kutoa joto mpaka karibu na usiku wa manane, na feni unayoiwasha inazungusha joto hilohilo.

Halafu litazame dirisha lenyewe. Madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo kila nyumba mpya inayo, hufunguka nusu tu kwa sababu kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Dirisha la upana wa futi tano linakupa futi mbili na nusu za hewa, na wavu wa mbu ulioziba kwa vumbi unapunguza tena. Nyumba za zamani za Upanga au Kinondoni zenye madirisha ya kufunguka yote, au ya vioo vya luva, zinaweza kuonekana chakavu kwenye picha za dalali, lakini usiku wa Februari utazishukuru. Dari nayo ina siri yake. Jipsamu inapendeza, ila kama paa limezibwa pande zote bila matundu ya kutolea hewa, joto la bati linabaki juu ya dari na kuwashukia mkiwa mmelala. Dari ya chini ya futi tisa ikatae: pangaboi litakuwa karibu na kichwa cha mtu mrefu, na joto litakuwa karibu na vichwa vya wote. Ghorofa ya mwisho, ile iliyo moja kwa moja chini ya zege, ndiyo ya joto kuliko zote hata kama mandhari yake ni ya bahari.

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo bajeti ya Dodoma inapovunjika. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, yuniti moja (kilowati-saa moja) ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, huwa karibu shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo. Pangaboi la wati 75 likiwashwa saa kumi kwa usiku linakula robo tatu ya yuniti. Kwa mwezi ni kama shilingi 8,000. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kinavuta kilowati moja na kidogo kompresa ikiwa inafanya kazi. Kwa saa nane za usiku, ikizima na kuwaka yenyewe, ni yuniti tano hadi saba, yaani kati ya shilingi 53,000 na 75,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja. Vyumba viwili vinaweza kukaribia 150,000, na hapo hujapiga pasi wala kuwasha jokofu. Chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu kinatosheka na BTU 9,000. Nunua cha inveta, ambacho kompresa yake hujipunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, hata kama ni ghali zaidi dukani, kiweke nyuzi 25, na pangaboi lizunguke polepole pamoja nacho. Kukiweka 18 hakuharakishi ubaridi. Kompresa inakosa tu mahali pa kupumzika.

Kuna mahali kiyoyozi hakifai hata kama fedha ipo. Nyumba ya wapangaji wanne wanaochangia mita moja ya LUKU ni ugomvi unaosubiri tarehe. Nyaya nyembamba zilizowekwa kwa ajili ya taa na televisheni zitapata moto kwenye soketi. Kiyoyozi kinataka laini yake kutoka kwenye swichi kuu. Na kwa wanaokaa karibu na ufukwe, Mbezi Beach, Kunduchi au Mjimwema, chumvi ya hewani inaila ile mashine ya nje mapema kuliko kwa mtu wa Kimara. Ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, na chujio la ndani kila baada ya wiki mbili. Maji yakianza kudondoka ndani ya chumba, angalia kwanza mrija wa kutolea maji. Mara nyingi umeziba kwa utando, kiyoyozi chenyewe ni kizima.

Maji ya bomba ya Dar kwa sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua mji unahisi, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2022 mgao ulipotangazwa. Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kwa kila mtu inamaliza lita 250 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 2,000 linawavusha siku nane. La lita 500 ni siku mbili tu. Nyumba nyingine zinategemea kisima, na ukanda wa pwani visima vingi ni vya chumvi. Mtu wa Dodoma amezoea maji magumu yanayokataa povu, lakini haya ni mengine: onja, kisha tazama bomba la kuogea. Likiwa na ukoko mweupe na kutu, mashine yako ya kufulia haitadumu.

Mafuriko hatuyazungumzii kwa upole. Bonde la Msimbazi, yaani Jangwani, Kigogo bondeni na maeneo yanayofuatana nayo, usipange hata kodi iwe nusu. Boko na Basihaya pia zina historia. Kwingineko tafuta mstari wa tope ukutani, usawa wa goti, ambao rangi mpya haikuuficha vizuri. Kisha muulize dereva wa bodaboda wa kijiweni, siyo dalali, barabara ipi hufungwa Aprili. Swali lingine ambalo watu wa Dodoma hawana mazoea nalo: shimo la choo hunyonywa mara ngapi? Sehemu za chini ambako maji ya ardhini yako karibu, masika inalijaza shimo kutoka pembeni, na gari la maji taka linakuwa mgeni wa kila mara.

Vitu vya nyumbani navyo vina la kusema. Viatu vya ngozi na mikoba vikifungiwa kabatini vinaota ukungu wa kijani ndani ya msimu mmoja wa masika. Jinzi iliyokuwa inakauka Dodoma kabla ya chakula cha mchana inaweza kukaa kambani siku mbili na kunuka. Milango ya mbao iliyokaukia Dodoma ikipelekwa pwani inavimba na kung'ang'ania fremu, kwa hiyo kabati la fundi wa mtaa wa Majengo uliloligharamia liache au liuze. Mahindi na unga wa akiba punguza. Gunia lililokaa salama Ilazo, Dodoma, miezi minane litashika unyevu, na unyevu huleta kuvu wenye sumu isiyoonekana kwa jicho. Beba ya mwezi mmoja, na mengine yawe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Ugali wa jana usiku usiutegemee asubuhi bila jokofu. Blanketi moja kwa kila kitanda linatosha, la Julai.

Kwa watoto, acha yale mafuta mazito ya kujipaka yanayookoa ngozi na midomo wakati wa upepo wa Dodoma. Pwani yanaziba vinyweleo na vipele vya joto vinatapakaa shingoni na mgongoni. Losheni nyepesi au ngozi tupu ni bora. Jambo zito zaidi ni homa. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, kwa hiyo mtoto aliyekulia huko hana mazoea nayo: chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na chagua kipana ili feni iweze kupenyeza hewa. Dengi nayo hulipuka Dar mara kwa mara, mwaka 2019 ikiwemo, na mbu wake huuma mchana na kuzaliana kwenye ndoo na matairi ya uani. Homa ikija, pima malaria. Mpaka ijulikane ni nini, tuliza kwa parasetamo na usitumie aspirini wala diklofenaki, kwa kuwa kwenye dengi huongeza hatari ya kuvuja damu.

Mtaa wa kuishi uchaguliwe kwa njia ya kazini na shuleni, bei ifuate. Mji una watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, wakati Jiji la Dodoma lilikuwa na 765,179, na tofauti hiyo utaikuta yote barabarani saa kumi na mbili asubuhi. Ofisi ikiwa Posta, katikati ya mji, Kimara na Mbezi ya Luis zina mabasi ya mwendokasi na vilima vyenye upepo, ila vilimani presha ya maji husumbua. Kigamboni ina viwanja na hewa nzuri. Unavuka kwa kivuko au kwa Daraja la Nyerere, na foleni ya kuvuka ihesabu kama sehemu ya kodi ya nyumba. Tabata na Segerea ni nafuu, na usafiri ndio unaokusubiri. Shule iwe upande uleule wa nyumba. Gari la shule likizunguka kata tatu, mtoto ataamshwa saa kumi alfajiri baada ya usiku ambao hakulala vizuri. Aliye darasa la nne, la saba, kidato cha pili au cha nne usimhamishe katikati ya mwaka. Usajili wa mtihani wa taifa umefungamanishwa na shule aliyopo.

Kuna njia ya tatu ambayo zamani haikuwa na maana: mzazi mmoja ahamie Dar, familia ibaki Dodoma. Treni ya umeme imebeba abiria kati ya miji hiyo tangu Julai 2024, ya haraka ikitumia kama saa tatu na nusu. Nauli ya daraja la kawaida ilianzia shilingi 31,000. Kwenda na kurudi kila mwisho wa wiki ni 62,000, kwa mwezi wa wiki nne 248,000. Weka kando yake umeme wa viyoyozi viwili, tofauti ya kodi ya nyumba ya vyumba vitatu na gari la shule, uone ipi nzito. Anayekaa Gongo la Mboto au Ukonga anaweza kupandia Pugu kwa treni ya umeme ya kawaida, ile isiyo ya haraka, badala ya kwenda mjini. Tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili zikatwe mapema.

Kwa uhamisho wa miaka miwili na mtoto wa darasa la saba, tungewaacha Dodoma. Kwa watoto wadogo na kazi ya kudumu, nendeni. Mwenye nyumba atadai miezi sita au mwaka, na dalali kodi ya mwezi mmoja juu yake. Omba miezi mitatu ya kwanza, na akigoma, andikisheni kwenye mkataba, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwamba maji yakiingia ndani wakati wa masika fedha ya miezi iliyobaki inarudi. Akikataa na hilo, mwache na nyumba yake.