TAHADHARI kwa wenye Corolla za zamani: seti za kubadili breki za nyuma kutoka dramu ziwe diski

Ndugu zangu, kama kuna mtu amekuahidi kukufungia diski nyuma kwenye Corolla 110 au gari ya umri huo, soma hii kabla hujatoa hela.

Gari yangu ni AE110 ya 1998, mbele diski (brekipedi zinabana sahani), nyuma dramu (brekishuu zinasukuma ngoma kwa ndani). Breki zilikuwa zimechoka, nikaenda Gerezani kutafuta brekishuu tu. Muuzaji akaniambia, "Kaka, achana na dramu, nikufungie diski pande zote, itashika kama gari mpya." Seti pamoja na ufundi 780,000. Maboksi yamefungwa vizuri, stika ya kampuni kubwa inang'aa. Nikaomba risiti ya EFD, akasema mashine mbovu, akaniandikia kikaratasi. Nilitakiwa niondoke palepale.

Siku ya nne, natoka Kibaha kwenda Mlandizi na familia, mvua ndiyo inaanza. Bodaboda akaingia ghafla, nikakanyaga breki. Matairi ya nyuma yakajifunga kabla ya mbele hayajashika, mkia ukahama, gari ikageuka ikatazama tulikotoka. Mwanangu alikuwa kiti cha nyuma. Lori lililokuwa likija lilipunguza mwendo mapema, Mungu mkubwa.

Fundi mwingine alipoinua gari akaniita nione mwenyewe. Valvu inayopunguza presha ya breki za nyuma haipo, wameitoa na kuunganisha mabomba moja kwa moja. Kalipa walizofunga (vile vinavyobana pedi kwenye diski) hazina mkono wa handibreki, kwa hiyo kebo wameikunja na kuifunga kwa waya chini ya bodi. Akachomoa brekipedi moja, akachokonoa ukingoni kwa bisibisi: kile kinachosugua diski kikabanduka kwenye bati kipande kizima, chini yake gundi ya njano bado inanata.

Hiyo valvu si urembo. Ukishika breki uzito wa gari unaenda mbele, nyuma inabaki nyepesi, na ikipata presha sawa na ya mbele inajifunga kirahisi. Dramu inajikaza yenyewe ikizunguka, inatosheka na presha ndogo. Diski inataka zaidi. Ndiyo maana anayebadilisha kwa haki anachukua mfumo mzima kutoka Corolla iliyotoka kiwandani na diski nyuma: kalipa, kebo za handibreki, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) na valvu yake. Jamaa hawa wanang'oa valvu ili ukijaribu gari mtaani uone inashika kweli.

Kama umeshafungiwa, fanya hivi leo. Vuta handibreki kwenye kamteremko kadogo, mguu ukiwa karibu na pedali, uone kama gari inatulia. Halafu tafuta uwanja mtupu wa vumbi, nenda 30 kwa saa, kanyaga kwa nguvu, mwenzako asimame mbali pembeni aangalie. Kwa gari isiyo na ABS (mfumo unaozuia matairi yasijifunge), matairi ya mbele ndiyo yajifunge kwanza. Ya nyuma yakitangulia, usiiingize barabara kuu, na mteremko mkali wa Kitonga usiufikirie kabisa. Mafuta ya breki nayo yaangalie: yangu yalikuwa meusi kama chai ya rangi, na fundi wao aliapa ameweka DOT 4 mpya.

Nilirudi kwa muuzaji, akanijibu bidhaa ikishafungwa hairudi. Malalamiko nimepeleka FCC (Tume ya Ushindani), nimeambatanisha picha za pedi, boksi na kile kikaratasi. Mwenye seti kama yangu asitupe boksi.

Na msikubali kuwaachia spea zenu za zamani. Waling'ang'ania wabaki na dramu zangu, "za kutupa hizi kaka," nikakataa. Ndizo zimerudi kwenye gari, na brekishuu mpya zenye risiti.