Bima ya gari: ipi inunuliwe, na inamlipa nani ajali ikitokea

Wanunuzi wengi hudhani kwamba bima ya dhima, ambayo baadhi ya mawakala huiita bima ndogo au bima ya mtu wa tatu, itawatengenezea gari lao baada ya ajali. Sivyo. Bima hiyo humlipa mtu aliyeumia au kuharibiwa mali kwa kosa la dereva mwenye bima: matibabu yake, kipato alichokikosa, fidia kwa wategemezi wake akifariki, na matengenezo ya gari au ukuta uliogongwa, mara nyingi hulipia pia wakili wa kumtetea mwenye bima mahakamani. Gari la aliyekosea na majeraha yake mwenyewe hayamo. Kuhusu abiria wake, hasa wakiwa jamaa zake, masharti hutofautiana, kwa hiyo jibu litafutwe ndani ya hati yenyewe na si katika maneno ya wakala.

Kwa maoni yangu, chaguo la kwanza ni bima kubwa yenye ukomo mkubwa wa fidia kwa watu wengine (ukomo ni kiasi cha juu kabisa ambacho kampuni italipa), kwa kuwa hulipia pande zote mbili, yaani watu wengine na gari la mwenye bima pia, na wakopeshaji wengi huidai kwa gari lililonunuliwa kwa mkopo.

La pili ni bima ndogo iliyoongezewa ukomo. Naiweka juu ya bima ya moto na wizi, yaani bima ndogo inayolipia pia gari la mwenye bima likiungua au kuibiwa, ingawa wauzaji wengi hupanga kinyume, kwa sababu hasara ya kuibiwa gari haizidi bei ya gari hilo, ilhali deni la kumlemaza mtu aliyekuwa akilisha familia laweza kuzidi mali yote ya dereva, na kila kiasi kinachovuka ukomo hudaiwa yeye mwenyewe. Ukomo huo huweza kugawanywa kwa kila majeruhi, kwa ajali nzima na kwa mali. Isomwe mistari yote mitatu.

Bima ya moto na wizi ni ya tatu. Ya mwisho ni bima ndogo ya kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa na sheria, ambayo humwezesha mtu kuingia barabarani kihalali na si zaidi ya hapo.

Kabla ya kulipa, ulizia ni nani anayeruhusiwa kuendesha. Hati nyingine humkubali yeyote aliyepewa ruhusa na mwenye gari na mwenye leseni halali. Nyingine huwakubali waliotajwa kwa majina pekee, hivyo kijana wa nyumbani anayeazimwa gari mara kwa mara anapaswa kuandikwa. Vilevile, gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likibeba abiria wa kulipa, au likiendeshwa na mlevi, kampuni inaweza kukataa madai. Na mahali ambapo sheria huilazimisha kumlipa majeruhi hata hivyo, huweza kumgeukia mwenye bima na kumdai fedha hizo.