Kipimo cha OCT baada ya kiharusi: kizuri, ila usiishie kwenye rangi ya kijani

Kwa sisi tuliopigwa kiharusi cha kisogoni, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona, upande mmoja wa tunachokiona ukafutika kwenye macho yote mawili (wangu ni wa kushoto), kipimo hiki cha OCT, yaani picha ya matabaka ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kina faida, mradi msomaji wa majibu ajue anatafuta nini.

Kupimwa kwenyewe hakuna taabu. Unaegemeza kidevu na paji la uso, unakodolea msalaba mdogo wa kijani, baada ya sekunde chache picha imetoka. Hakuna kinachogusa jicho, wala sikutiwa matone ya kupanua mboni. Mkono wa kushoto wa ule msalaba sikuuona kabisa, jicho likawa linautafuta; dada wa mashine alirudia bila kununa mpaka likatulia.

Kwenye majibu ndiko nilikokwazika. Daktari aliangalia wastani wa unene wa nyuzi za neva, akakuta kijani (rangi ya unene wa kawaida; nyekundu ni uliokonda kupita kawaida), akasema macho mazima, shida ni ya ubongo tu. Nikaomba tufungue ramani ya seli za ganglioni, zile za retina zinazopeleka habari ubongoni, macho yote mawili kwa pamoja. Nusu ya kulia ya kila retina ilikuwa imekonda: upande wa sikio kwa jicho la kulia, upande wa pua kwa la kushoto. Mpaka umesimama wima katikati, umenyooka kama uliopigwa rula. Presha ya macho, ambayo nayo hukondesha seli hizi, kwa kawaida haikati hivyo. Yenyewe hutenganisha juu na chini. Wastani ulikuwa umechanganya nusu nzima na nusu iliyokonda.

Seli hizo hazikuguswa na kiharusi. Nyuzi zake huishia kwenye thalamasi, kituo cha kupokezana habari katikati ya ubongo, na seli za thalamasi ndizo zinazofikisha habari kisogoni. Kisogo kikiharibika, za thalamasi hunyauka, na baada ya miezi au miaka za retina nazo hufuata. Kwa nyani jambo hili lilijulikana zamani. Kwa binadamu aliye hai, OCT, iliyotangazwa mwaka 1991, ndiyo iliyorahisisha kulipima.

Nuru hairudishi, tusidanganyane. Lakini picha ya mapema ikihifadhiwa, za baadaye zina cha kulinganishwa nacho. Tena mwambie kila daktari wa macho kwamba uliwahi kupata kiharusi, na ubebe majibu ya kipimo cha eneo la kuona, la sivyo akikuta wekundu anaweza kukuanzishia dawa za presha ya macho bure.

Nyota nne. Ya tano nimemnyima aliyepanga karatasi ya majibu ukurasa wa mbele ukabeba wastani peke yake.