Sumaku za kabati la vikombe ndani ya boti ya matanga: uzoefu wangu na karakana moja ya Dar

Nianze na sumaku, maana nikianza na mengine nitapoa, na sitaki kupoa.

Boti yangu ni ya faiba, ya zamani, na ndani yake watu watatu wakisimama pamoja, mmoja lazima akae. Nilichotaka ni nafasi ya kuweka vitu. Sikutaka mapambo, wala taa za rangi. Kulikuwa na mashimo matupu kila kona: nyuma ya migongo ya makochi, chini ya vitanda, chini ya ngazi, na pale ubavuni mwa injini ambapo mkono unapita lakini jicho halifiki. Yote hayo yalikaa bure, huku mchele na kamba za akiba vikilala kwenye kitanda cha mpwa wangu, naye akilala sitahani. Nikaelekezwa karakana moja ya Dar, jina nalihifadhi, kwamba ndio wanaojua. Wakaja Tanga, wakapima, wakachukua nusu ya hela, wakachelewa kama ilivyo ada, wakamaliza. Siku ya kukabidhiwa nikamalizia nusu iliyobaki bila hata kuomba kupunguziwa. Ilikuwa kazi nzuri kuitazama.

Sasa sumaku. Milango ya makabati ya ubavuni, yale ya juu ya makochi, wameifunga kwa vidude vile vyeupe vya plastiki vyenye sumaku ndani, na kipande cha bati mlangoni. Unavijua. Vinauzwa kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, vya kabati la vikombe na sahani za wageni. Boti ikiwa imefungwa gatini, vinashika vizuri sana.

Tuliondoka Tanga miezi ya kusi, upepo wa kusini, tukielekea Mkoani, bandari ya kisiwa cha Pemba. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba Mkoani iko kusini zaidi ya Tanga, na kusi linatoka hukohuko unakokwenda, kwa hiyo ni kubisha tu, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Tukafuata pwani kwanza, halafu tukageuza mashariki kuuvuka Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya bara na kisiwa, upepo ukiwa kulia kwetu. Chombo kikalala upande wa demani, ule unaoelekea upepo unakokwenda, jambo la kawaida kabisa. Chombo cha matanga kisicholala hakiendi. Wimbi la kwanza kubwa lilipotugonga, makabati yote ya upande wa joshi, ule upepo unakotoka, yakafunguka kwa pamoja. Yote. Makopo ya nyanya, chupa ya mafuta ya kula, sufuria, unga wa sembe, kila kitu kikavuka chumba na kutua upande wa pili. Kopo moja lilimkosa mpwa wangu kidogo tu. Mafuta yakaenea sakafuni, ukikanyaga unaondoka. Na Mkondo wa Pemba si mahali pa kusema tutie nanga kidogo tupange vitu: kina ni mamia ya mita.

Hilo ningelimeza. Sikiliza linalofuata.

Makopo yangu huwa nayabandua karatasi zote kabla hayajaingia chomboni, kisha naandika juu ya kifuniko kwa maka peni: nyanya, maharage, samaki. Nafanya hivyo kwa sababu karatasi ikilowa hubanduka yenyewe, ikatelemka kwenye ngama, kule chini kabisa ya chombo maji yanakokusanyika, na kuziba pampu. Maboksi nayo hayavuki gati, maana mende hutaga kwenye mikunjo ya boksi na ukishawapata baharini umewapata. Ngama yangu naijali kuliko sebule ya nyumbani. Sasa unga ukachanganyika na maji, ukashuka chini ya mbao za sakafu, na huko chini ukakutana na nini? Maranda. Maranda na pumba za mbao za karakana, walizozisukumia chini ya sakafu badala ya kuzitoa. Pampu ikavuta uji wa maranda mara mbili tatu, ikanyamaza. Tukakumba maji kwa ndoo, zamu kwa zamu, na maji ya mkondo ule wakati wa kusi hukimbilia kaskazini kwa nguvu, kwa hiyo kila dakika ya kukumba ilikuwa inatutoa Mkoani. Mwishowe nikaachilia, nikaelekeza Wete, bandari nyingine ya Pemba iliyo kaskazini zaidi.

Nilipopata mtandao nikapiga simu. Akapokea bwana mmoja wa ofisini, sauti ya mtu aliyeshiba.

“Dada, naomba nipe mwenye boti niongee naye.”

“Mwenye boti ndiye mimi.”

“Sawa, basi nipe nahodha.”

“Nahodha pia ni mimi.”

Kimya kidogo. Kisha akasema, kwa upole ule wa kumwelewesha mtoto: “Sasa mama, boti si ghorofa. Mkishajaza vyombo vya jikoni kila mahali, sumaku itafanyaje?”

Vyombo vya jikoni. Kwenye kabati aliloliandika yeye mwenyewe katika risiti kuwa ni la vyombo vya jikoni! Nikamuuliza maranda je. Akasema maranda huwa yanatoka yenyewe. Yanatoka kwenda wapi, hakusema.

Kwa hasira ile nilikuwa niandike kwamba hawajui bahari, nifunge. Siwezi, na hapo ndipo roho inapouma zaidi, kwa sababu droo walizonitengenezea ni za mtu anayeijua bahari kabisa. Kuna kijana mmoja fundi, mzaliwa wa Pangani, aliyefanya chini ya vitanda na chini ya ngazi peke yake. Kila droo ameikata pengo upande wa chini, ikikaa inaingia kwenye kizuizi. Huwezi kuivuta mpaka uinyanyue kidogo. Chombo kilale kitakavyo, droo haitoki. Siku ile ya mkondo hakuna hata moja iliyofunguka. Zile sehemu za chini ya vitanda amezigawa kwa vibao ili mzigo usitembee, na kila kibao amekitoboa matundu hewa ipite, maana feuli, yaani sehemu ya kuwekea vitu chomboni, isiyopumua baharini huota ukungu, nguo zikanuka. Mfuniko wa juu una tundu la kidole, basi, hakuna mpini wa kukugonga goti.

Na yeye ndiye aliyeniunga mkono ofisi ilipotaka kuniwekea kabati la makopo omoni, kule mbele kabisa ya chombo, eti kuna nafasi kubwa. Nafasi ipo, ndiyo. Ukiijaza makopo chombo kinazika pua kwenye kila wimbi. “Shangazi, omoni weka nguo na maboya,” aliniambia pembeni, “vizito vyote vishuke katikati karibu na mlingoti.” Ndivyo tulivyofanya, na mchele, maji ya akiba na zana viko chini kabisa. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo hizo zikikaa chini zinakusaidia. Viazi na karoti za Lushoto ziko kwenye wavu unaoning'inia juu ya kochi, vitunguu kwenye wavu wao mbali na viazi. Mpwa wangu amepata kitanda. Kwa nafasi peke yake, chombo kimekuwa kingine, sidanganyi.

Kwa hiyo walikuwa na mtu anayejua ndani ya boti ileile, siku zilezile, wakampa mwingine milango amalizie haraka kwa sumaku. Hiyo si kutojua.

Milango nimeitengeneza Tanga kwa mzee mmoja fundi wa majahazi. Kaangalia sumaku, kacheka, kachonga makomeo ya mbao ya kuzungusha, kila moja skrubu moja ya shaba katikati. Asubuhi moja tu, bei ya sahani chache za pweza. Tumebisha nayo tena, kusi lilelile, haijafunguka.

Nyota, basi. Moja. Kwa ajili ya droo ziwe tatu. Ukimpata yule kijana wa Pangani nje ya ile ofisi, tano. Lakini ofisi ndiyo inayopokea hela na ndiyo inayopokea simu, na kila nikikumbuka “nipe nahodha” narudi kwenye moja. Hela ya milango nimedai. Wakasema nitume picha. Nikatuma: unga, mafuta, maranda, pampu imefunguliwa. Wamejibu kwamba kwenye picha boti inaonekana imetulia.