Gurami wadogo wa rangi za kufugwa na wa rangi za asili: uzoefu wangu wa miezi kumi na minne

Mwaka jana mwezi wa tano nilinunua gurami wadogo sita kwenye duka moja la samaki wa mapambo Kariakoo: wawili wa buluu tupu, wawili wekundu, wawili wenye mistari. Miezi mitatu baadaye nikaongeza gurami asali wanne, ambao ni aina nyingine ya gurami. Wote nimewafuga sebuleni kwangu Tabata, kwenye tangi la lita 90 lenye chujio la sponji na majani yanayoelea juu. Hita sina, joto la Dar linawatosha.

Dukani kila rangi ilikuwa na kioo chake na bei yake. Wa buluu na wekundu waliuzwa shilingi 15,000 kila mmoja, wenye mistari 10,000. Muuzaji akaniambia hizo ni aina tatu za samaki. Sivyo, na hilo ndilo lalamiko langu la kwanza. Wote ni samaki mmoja, gurami mdogo, kwa jina la kisayansi Trichogaster lalius, ambaye kwao ni kwenye mito na vinamasi vya India, Bangladesh na Pakistan. Mwenye mistari ndiye alivyo porini: mistari ya mshazari ya feruzi na nyekundu, inashuka kutoka mgongoni hadi tumboni. Wa buluu na mwekundu wametokana na wafugaji waliochagua wazazi kizazi baada ya kizazi, hadi rangi moja ikameza nyingine. Na dukani utauziwa karibu madume tu, kwa kuwa jike ana rangi ya fedha iliyopauka na hakuna anayemtazama mara mbili.

Mimi nilibeba madume sita bila kuambiwa neno. Dume la gurami hugawa tangi kama mtu anayegawa shamba, na wiki haikuisha kabla wawili hawajachanika mapezi. Ilibidi nimpe jirani mwekundu mmoja na mmoja wa mistari. Kwa tangi la ukubwa wa kwangu, dume mmoja au wawili wanatosha, na wawili hao wapate majani ya kutosha ya kujifichia.

Kuhusu rangi zenyewe, kuna jambo ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa pesa. Buluu ya samaki huyu haitokani na wino ulio mwilini. Inatokana na vijipande vidogo sana vya fuwele ndani ya ngozi vinavyorudisha mwanga. Dukani palikuwa na taa nyeupe kali, wakang'aa kama vito. Nyumbani nilikuwa na balbu ya njano, na jioni ile ya kwanza wakaonekana wa kijivu, nikadhani nimebadilishiwa samaki. Niliponunua taa nyeupe, buluu ikarudi palepale.

Wekundu ni habari nyingine. Nyekundu na machungwa, kwa sehemu kubwa, ni rangi ambayo samaki hawezi kuitengeneza mwenyewe, lazima aipate kwenye chakula. Niliwalisha chakula cha bei nafuu cha vipande vikavu, na baada ya miezi miwili mwekundu niliyebaki naye alikuwa kama tofali la zamani. Kilichomrudisha ni uduvi. Nanunua uduvi mkavu sokoni, nauosha vizuri kutoa chumvi, naukausha tena na kuusaga laini, kisha nampa kidogo mara tatu kwa wiki. Wiki ya sita rangi ilikuwa imekolea kuliko siku niliyomnunua. Kwa wafugaji wa pwani huu ni utajiri tulionao mlangoni.

Sasa upande wa uchungu. Wa buluu wote wawili walikufa, mmoja mwezi wa nne, mwingine wiki tatu baada yake. Waliacha kula, wakazubaa kwenye kona, tumbo likavimba. Samaki huyu ana ugonjwa wake mbaya wa virusi, iridovirusi ya gurami mdogo, na hauna dawa. Utafiti mmoja wa Australia uliikuta kwa takriban samaki 22 kati ya kila 100 waliopimwa, na virusi vya jamii hiyo vilihusishwa na vifo vya samaki wa shamba huko Victoria, Australia, mwaka 2003. Iridovirusi hii haichagui rangi, hata mwenye mistari aliyezaliwa kwenye mabwawa ya biashara anaweza kuwa nayo. Lakini nililogundua kwa wangu ni hili: mwenye mistari akiumwa au akiogopa, mistari hufifia na unaona siku hiyohiyo. Wale wa buluu tupu waling'aa karibu hadi mwisho, nami nikawa nasema wako salama.

Ndiyo maana gurami asali, Trichogaster chuna, amenishinda moyo. Ni mdogo zaidi, sentimita nne au tano, na mpole. Dukani alikuwa rangi ya chai ya maziwa, na nilipewa wanne kwa shilingi 24,000 kwa kuwa hakuna aliyewataka. Nyumbani, walipozoea, dume mmoja akaanza kuwaka: mwili ukawa wa asali iliyoiva, na kuanzia kidevuni hadi tumboni pakawa peusi kama kitambaa cha kaniki. Akiwa mbele ya jike husimama wima majini kumwonyesha weusi ule. Francis Hamilton, aliyeandika kuhusu samaki wa mto Ganges mwaka 1822, aliwapa samaki hawa majina mawili, chuna na sota, na leo wanahesabiwa kuwa samaki mmoja. Ukimwona dume aliyevaa rangi za kutafuta jike kando ya jike mwenyewe, humlaumu Hamilton hata kidogo kwa kudhani ni samaki wawili tofauti.

Wapo pia gurami asali wa kufugwa, wa dhahabu na wa rangi ya machweo. Nimewaona dukani, wamependeza, ila wameiva hivyo mwaka mzima. Mimi napenda rangi iniletee habari za samaki.

Duka hilo nalipatia nyota tatu. Samaki walifungwa vizuri, mfuko ulikuwa na hewa ya kutosha, na gurami hupumua hata hewa ya juu ya maji, hivyo safari hadi Tabata haikuwasumbua. Nyota mbili nimezizuia kwa maelezo ya uongo na kwa kuniuzia madume sita. Gurami asali wa asili nawapa zote tano.

Tangu juzi dume amejenga kiota cha mapovu chini ya jani, karibu na kona, na nimezima pampu ya hewa ili kisivunjike. Jumamosi naenda kutafuta jike mwingine.